Jua Hunywa Maji, Chumvi Huiacha: Mwongozo wa Bwawa la Maji Chumvi Nyumbani

Zamani, kabla chumvi ya pakiti haijafika madukani, Wasukuma walikuwa wakisafiri kwa miguu, makundi kwa makundi, hadi Ziwa Eyasi kuchota chumvi. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji huingia, jua huyanywa, na chumvi iliyokuja nayo hubaki ufukweni ikiongezeka mwaka hadi mwaka. Kiangazi, maji yakirudi nyuma, ndipo chumvi huonekana.

Ukijenga bwawa la kuogelea la maji chumvi nyumbani kwako Kharumwa, mkoani Geita, umejenga Eyasi ndogo. Jua la Nyang'hwale litakunywea maji kila siku, lakini chumvi halitaigusa hata chembe. Chumvi hutoka bwawani pale tu maji yenyewe yanapotoka yakiwa maji: yakifurika kwa mvua, yakivuja, yakimwagwa wakati wa kusafisha chujio, au yakiondoka na nguo na miili ya waogeleaji. Anayesahau jambo hili huongeza chumvi ambayo haikupungua, na mwisho wake hulazimika kumwaga maji aliyoyapata kwa gharama. Shika hilo moja, na yote yanayofuata utayaona mepesi.

Kazi ya chumvi bwawani

Bwawa la maji chumvi bado ni bwawa la klorini. Tofauti yake ni kwamba klorini hutengenezwa hapo hapo nyumbani. Maji hupita kwenye seli, yaani kifaa chenye mabamba ya titani yanayopitishiwa umeme. Umeme huitenganisha chumvi iliyoyeyuka, klorini huzaliwa, huua vijidudu na mwani, kisha kazi ikiisha hurudi kuwa chumvi. Chumvi ile ile huzunguka tena na tena.

Mashine nyingi za nyumbani hutaka chumvi ya gramu 2.7 hadi 3.4 katika kila lita ya maji. Kiwango kinachopendekezwa zaidi ni gramu 3.2, ambazo kioo cha mashine huziandika 3,200 ppm. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita, kwa hiyo bwawa lako lina chini ya sehemu moja ya kumi ya chumvi ya bahari. Hata machozi, yenye gramu 9 hivi, yana chumvi zaidi yake. Soma kijitabu cha mashine yako: kiwango kilichoandikwa humo ndicho cha kufuata.

Chumvi ikipungua mno, mabamba hufanya kazi kwa shida, klorini huwa kidogo, na utando unaoyakinga huchakaa mapema. Ikizidi, umeme unaopita huwa mwingi kuliko uwezo wa mashine, nayo hujizima. Wakati huo huo kutu huanza kula ngazi, skrubu na fremu za taa.

Yajue maji yako kabla ya kununua chumvi

Maji ya Ziwa Victoria, yanayofika upande huu kupitia mradi wa Nyamtukuza, ni laini na karibu hayana chumvi kabisa. Bwawa likijazwa kwa maji hayo, hesabu yako ya chumvi inaanzia sifuri.

Maji ya kisima kirefu yanataka tahadhari. Kwenye ukanda wa mbuga kuelekea Shinyanga, visima vingi vina chumvichumvi na floridi. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, baadhi ya visima vimekutwa na aseniki, sumu inayotoka kwenye miamba yenyewe. Kingine cha kuchunguza ni madini ya chuma, ambayo yakikutana na klorini huacha madoa ya kahawia kwenye kuta. Chukua sampuli uipeleke kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, Mwanza au Shinyanga, kabla ya kujaza. Fanya hivyo hata kama maji yanaonekana safi, maana aseniki haina rangi wala harufu. Kumbuka pia kwamba jua litakapoyanywa maji, floridi na aseniki nazo zitabaki, na kila unapojazia kwa maji ya kisima hicho unaleta nyingine.

Maji ya mvua ni hazina. Paa la mita za mraba 200 likipigwa na mvua ya milimita 100 hukinga karibu lita 20,000, ukiacha kinachopotea njiani. Bwawa la wastani hubeba lita 48,000, sawa na ndoo 2,400 za lita 20. Mahali ambapo jirani bado anafuata maji kwa baiskeli na madumu, kujaza bwawa kwa mvua ya msimu badala ya kulivuta bomba la kijiji usiku na mchana ni ujirani mwema.

Hesabu ya chumvi

Anza na ujazo. Zidisha urefu kwa upana kwa kina cha wastani, vyote kwa mita. Kina cha wastani hupatikana kwa kujumlisha kina cha upande wa maji mafupi na cha upande wa maji marefu, kisha kugawa kwa mbili. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha mita 1 upande mmoja na mita 2 upande wa pili, lina kina cha wastani cha mita 1.5. Hivyo 8 × 4 × 1.5 = mita za ujazo 48.

Kisha tumia kanuni hii: kilo za chumvi = mita za ujazo × (gramu kwa lita unazotaka − gramu kwa lita zilizopo).

Kwa maji ya ziwa au ya mvua: 48 × 3.2 = kilo 153.6, yaani mifuko sita ya kilo 25 na kilo tatu na nusu juu yake. Kwa maji ya kisima yenye gramu 0.6 tayari: 48 × 2.6 = kilo 124.8, yaani mifuko mitano. Asiyepima maji yake kwanza angetia mfuko mzima wa ziada siku ya kwanza.

Chumvi gani ununue

Tanzania haina uhaba wa chumvi. Pwani huvunwa kutoka Tanga na Bagamoyo hadi Kilwa, Lindi na Mtwara. Upande wetu wa magharibi iko Uvinza, Kigoma, ambako chemchemi za maji ya chumvi zimewalisha watu wa bara kwa zaidi ya miaka 1,000. Unachotakiwa kutazama ni usafi: chumvi nyeupe, kavu, iliyoandikwa kuwa na kloridi ya sodiamu isiyopungua asilimia 99.

Ikiwezekana, chukua isiyotiwa madini joto. Yale madini ni muhimu mezani, kwa ajili ya kuzuia uvimbe wa tezi la shingo. Bwawani hayana kazi, na yakiwa mengi yanaweza kubadilisha rangi ya maji. Epuka pia chumvi iliyotiwa dawa ya kuzuia isigande, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huacha madoa. Chumvi ya mawe yenye mchanga itaziba chujio. Chumvi ya mifugo ina madini mengine yanayolisha mwani na kuchafua kuta. Magadi si chumvi ya kazi hii hata kidogo.

Kabla ya kulipia mzigo mzima, yeyusha konzi moja kwenye glasi ya maji safi na uiache saa moja. Ukiona mchanga chini, utando juu au maji kuwa na rangi, tafuta duka lingine.

Kutia chumvi hatua kwa hatua

1. Kama bwawa ni jipya na limepigwa plasta ya saruji, ngoja siku 30 hivi plasta ikomae. Chumvi ikiwahi huila. Katika siku hizo tumia klorini ya kawaida.

2. Jaza maji hadi alama yake ya kudumu, katikati ya mdomo wa kuchotea uchafu. Alama hiyo ndiyo msingi wa kila kipimo utakachochukua.

3. Zima seli, lakini acha pampu izungushe maji. Seli isiwashwe mpaka chumvi yote iyeyuke.

4. Tia robo tatu ya hesabu yako kwanza. Kwa mfano wetu ni kilo 115 hivi. Mwaga ukizunguka kingo za bwawa, usiimwage yote pembe moja wala kwenye tundu la kutolea maji. Sugua sakafu kwa brashi hadi usione chembe.

5. Acha pampu ifanye kazi saa 24, kisha pima.

6. Piga hesabu upya kwa kutumia kipimo ulichokipata, ongeza kilichobaki, subiri tena siku moja, pima, ndipo uwashe seli.

Robo ile ya mwisho ndiyo inayokulinda. Chumvi iliyopungua utaiongeza kesho kwa dakika kumi. Iliyozidi haitoki bila kumwaga maji.

Kupima bila kudanganywa

Zipo karatasi za kupimia na vipo vipimo vya kidijitali vinavyosoma jinsi maji yanavyopitisha umeme. Vyote vinafaa, mradi ujue tabia yake. Kipimo cha umeme husoma madini yote yaliyoyeyuka, siyo chumvi peke yake, kwa hiyo kwenye maji ya kisima kinaweza kuonyesha zaidi ya chumvi iliyopo.

Kila baada ya miezi mitatu kihakiki kipimo chako. Hapa mkaaji wa ukanda wa dhahabu ana nafasi ambayo wengine hawana, maana mizani ya dhahabu inayosoma chini ya gramu moja haiko mbali. Pima gramu 32 za chumvi kavu, ziyeyushe kwenye lita 10 za maji ya mvua, koroga vizuri, kisha chovya kipimo. Kinatakiwa kisome karibu na 3,200. Kikisoma 2,800 au 3,700, kirekebishe au kibadilishe kabla hujaamua lolote kuhusu bwawa.

Chota maji ya kupima kutoka kina cha kiwiko, mbali na mahali maji yanapoingilia. Na pima maji yakiwa kwenye alama. Bwawa lililopungua maji hudanganya, na sababu yake iko kwenye hesabu ya kiangazi.

Mwaka wa bwawa Kharumwa

Vijitabu vingi vya mashine hizi vimeandikwa kwa nchi zenye baridi, ambako bwawa hufungwa miezi kadhaa. Sisi hatuna likizo hiyo. Maji yetu ni ya uvuguvugu mwaka mzima, mwani uko tayari kuota mwezi wowote, na kinachotugawia mwaka ni mvua na jua.

Kiangazi, Juni hadi Septemba. Tuchukue jua linanyanyua milimita 5 za maji kwa siku. Bwawa la mita za mraba 32 litapoteza lita 160 kwa siku, karibu lita 4,800 kwa siku 30. Hiyo ni sehemu ya kumi ya bwawa zima. Chumvi iko pale pale, kwa hiyo kipimo kilichokuwa 3,200 kitapanda hadi 3,550 hivi bila mtu kutia hata kijiko. Ukijazia maji ya ziwa hadi kwenye alama, kinarudi 3,200. Dawa ya kiangazi ni maji, basi. Jazia kidogo kidogo kila wiki, na funika bwawa usiku na siku usizoogelea: turubai la bwawa hupunguza sana maji yanayopotea.

Msimu wa mvua, Oktoba hadi Mei. Sasa chumvi inaweza kupungua kweli. Mvua ya milimita 100 ikinyesha juu ya bwawa lililojaa, mita za ujazo 3.2 zitafurika, na kilo 10 hivi za chumvi zitaondoka nazo. Ukiona wingu zito, shusha maji sentimita chache kwa kusafisha chujio, kazi ambayo ingefanyika hata hivyo, ili mvua ipate nafasi ya kuingia bila kufurika. Pima siku moja baada ya kila mvua kubwa.

Kusafisha chujio kwa kurudisha maji nyuma hutoa lita 500 hivi kwa dakika tatu, pampu ikiwa inasukuma mita za ujazo 10 kwa saa. Ni kilo 1.6 za chumvi. Fanya hivyo presha ya chujio inapopanda. Usilifanye zoezi la kila asubuhi.

Taa ya chumvi pungufu ikiwaka

Taa hii ndiyo inayowafanya watu wakimbilie dukani. Kabla ya kubeba mfuko, jiulize: tangu nilipopima mara ya mwisho, maji yametoka kwa njia gani? Kama ni Agosti, mvua haijanyesha, chujio halijasafishwa na bwawa halijavuja, chumvi haina mahali ilipokwenda. Kinachodanganya ni mashine.

Pima kwa kipimo chako kilichohakikiwa. Kikionyesha 3,000 na zaidi, fungua seli uitazame. Utando mweupe wa chokaa kwenye mabamba huzuia umeme, nayo mashine huona kana kwamba chumvi ni chache. Seli iliyozeeka huonyesha dalili hiyo hiyo. Umeme unaopanda na kushuka nao huivuruga, na kwa hiyo stebilaiza nzuri ni sehemu ya bwawa kama ilivyo pampu.

Na kama chumvi imepungua kweli kiangazi, tafuta pa kuvuja. Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani yalingane na ya nje, uweke alama zote mbili, kisha zima pampu. Baada ya saa 24 linganisha. Maji ya bwawa yakishuka zaidi ya ya ndoo, jua lina kesi ndogo, fundi aitwe.

Chumvi ikizidi

Hakuna dawa ya kuiondoa. Ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mengine. Sehemu ya kumwaga ni 1 − (unachotaka ÷ kilichopo). Bwawa letu likifika gramu 4.0, basi 1 − (3.2 ÷ 4.0) = 0.2, sehemu moja ya tano. Hizo ni lita 9,600, yaani ndoo 480, na chumvi iliyozidi ni kilo 38 tu: mfuko mmoja na nusu uliotiwa kwa haraka. Kama umezidi kidogo na mvua ziko karibu, subiri. Acha mvua ifurishe taratibu kuliko kununua maji.

Kisha fikiri yanakokwenda. Maji ya gramu 3.2 kwa lita yanaharibu maharage, mpunga na mahindi. Pamba huvumilia chumvi zaidi, lakini udongo wa mbuga ukishakolea chumvi haupoi upesi. Usiyaelekeze kwenye majaruba ya mpunga, lambo la ng'ombe, kisima, wala shimo la choo, ambako klorini huua vijidudu vinavyoozesha taka. Zima seli siku kadhaa ili klorini iishe, kisha yatoe kidogo kidogo kwenye eneo gumu la changarawe lisilolimwa, mbali na visima. Kwa kiasi kikubwa, uliza kwanza ofisi ya RUWASA ya wilaya au Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Tena usilikaushe bwawa lote msimu wa mvua: maji ya ardhini yanaweza kulisukuma kutoka chini na kulipasua.

Vinavyokwenda na chumvi

Pima klorini na pH mara mbili kwa wiki. Klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita. pH iwe 7.2 hadi 7.6. Seli yenyewe hupandisha pH, kwa hiyo utahitaji tindikali kidogo mara kwa mara. Jua letu la karibu na ikweta huvunja klorini haraka, ndiyo maana hutumika asidi ya sayanuriki kama mwavuli wake, miligramu 30 hadi 50 kwa lita, na baadhi ya watengenezaji wa mashine huruhusu hadi 80. Nayo haipotei kwa jua. Itie kwa hesabu kama chumvi.

Tindikali imiminwe ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe ndani ya tindikali. Isikutane na klorini ya unga, hata ndani ya kopo tupu, kwa sababu huzaa gesi inayoua. Na kwa kuwa tunaishi kwenye ukanda wa uchenjuaji, sikia hili kwa makini: usitumie pipa, ndoo wala dawa yoyote iliyopita kwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu. Mabaki ya sayanaidi yakikutana na tindikali hutoa sumu inayoua kwa dakika chache, na zebaki haitoki kwa kuoshwa. Nunua vyombo vipya.

Umeme ukikatika siku mbili tatu, seli haitengenezi kitu. Weka akiba ya klorini ya unga mahali pakavu, penye kufuli. Bwawa likiachwa ligeuke kijani huwa mazalio ya mbu wa malaria mlangoni pako. Zungushia uzio wenye mlango unaojifunga, kwa maana kiwango sahihi cha chumvi hakimzuii mtoto kuzama.

Daftari karibu na pampu

Tundika daftari ukutani, lenye safu nne: tarehe, kipimo cha chumvi, maji yaliyoingia, maji yaliyotoka. Jaza kila Jumamosi. Baada ya mwaka mmoja litakuonyesha bwawa lako linakula kilo ngapi za chumvi, mwezi gani, na kwa njia ipi.

Siku taa itakapowaka, fungua daftari kabla hujafungua mfuko. Safu ya nne ikiwa tupu, chumvi yako bado imo ndani ya maji.